Mkuyu wa Mama Enock

Nyumba ya Mama Paskalia pale Kharumwa ina vyumba vinane, ua mmoja na choo kimoja, kwa hiyo humo ndani siri hailali. Ukikohoa chumba cha kwanza, chumba cha nane wanakuuliza kama umekunywa dawa. Ukipika nyama, watu wanajua ni kilo au ni robo kabla haijachemka. Ndiyo maana wapangaji walishangaa, na kwa miaka minne hawakuchoka kushangaa, kwamba Sesilia wa chumba cha tano, yule muuza chapati wanayemwita Mama Enock, alikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kulitoa mdomoni mwake: ule mti anautunzia nini?

Mti wenyewe ulikuwa mkuyu. Ingekuwa mpapai au mlimao watu wangeelewa, mtu ana hamu ya matunda. Lakini mkuyu, mti wa kuota wenyewe huko mabondeni, umesimama kwenye ndoo ya mafuta ya kupikia ya lita ishirini kando ya mlango wa mtu! Asubuhi kabla hajawasha jiko Sesilia anaumwagia kikombe kimoja cha maji. Jioni anaufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, jani moja moja, kama anayemfuta mtoto kamasi.

"Ile ni dawa ya biashara," Eunice wa chumba cha sita alikuwa akisema, tena bila kupunguza sauti. "Hamjiulizi chapati zake zinaishaje saa tatu asubuhi?"

"Zinaisha kwa sababu ni kubwa," Masudi, kijana mchimbaji, akamjibu kutoka mlangoni kwake, anafunga kamba za viatu vya kazi. "Maandazi yako ungeyafanya makubwa hivyo yangeisha saa mbili."

"Wewe nyamaza, unakula kwake bure."

"Nakula kwa heshima yangu."

Uani wakacheka. Sesilia akacheka pia, maana kuta za nyumba ile ni za tofali moja, dari hakuna, na kujifanya hujasikia ni kazi kubwa kuliko kucheka. Ila kuhusu mti hakusema kitu, na kunyamaza kwake kulikuwa na sababu.

Sababu ilikuwa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu. Enock, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka ishirini na mitatu siku alipoteremka kwenye duara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha. Aliteremka yeye, na udongo ukateremka nyuma yake. Wenzake walifukua siku tatu. Wakitoa futi kumi, kuta zinajaza kumi na mbili. Siku ya nne wakubwa wa machimbo wakakaa kikao, wakaamua kwamba hawatampoteza mtu aliye hai kwa kumtafuta aliyekwisha kufa, na duara likafungwa. Sesilia alikuwa amekaa juu ya kifusi, kanga ya kumfunikia mwanawe ameikunja mapajani. Aliposikia uamuzi, aliinuka akaanza kuchimba kwa mikono. Wakamshika.

"Mama, yumo humo humo," kiongozi mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, huku amemkamata viganja. "Mwache apumzike. Usichimbe."

Kijijini kwao wakazika shati la Enock na viatu vyake vya Jumapili, padri akaja, msalaba ukasimamishwa. Sesilia alilia pale kama watu wote, lakini alijua amelilia shati.

Siku ya arobaini alirudi Nyarugusu peke yake. Gogo moja la matimba, yale magogo wanayoshindilia kuta za duara zisibomoke, lilikuwa limechomoza juu ya kifusi, na ubavuni mwake palikuwa pameota mche wa mkuyu wenye majani manne. Akauchimbua kwa kisu cha jikoni pamoja na udongo wake mwekundu, akajaza ndoo. Mwili hakuupata, akapata udongo uliomfunika. Tangu siku hiyo hilo ndilo likawa kaburi la mwanawe, na lilikuwa na mpini wa kubebea.

Sasa amwambie nani? Huku kwenye dhahabu, mama anayetunza udongo wa shimo lililomuua mwanawe hana maelezo ya kutoa yakaaminika. Watasema ni ndagu, hizo dawa za utajiri zinazosemekana hutaka damu ya mtu wa karibu. Angesema asubuhi, mchana angekuwa amemtoa Enock kafara, jioni anatafuta chumba kingine. Kwa hiyo alihamia Kharumwa na ndoo yake, akapanga chumba, akakanda unga, akanyamaza.

Mwaka huu mwezi wa tano, Mama Paskalia mwenye nyumba alikuwa anafagia ua. Akaishika ndoo aisogeze. Ndoo ikakataa.

"Mama Enock! Hebu njoo."

Wakainama wote wawili. Mzizi mnene kama kidole gumba ulikuwa umetoboa kitako cha ndoo ukazama ardhini.

"Haya, mti wako umeshika ardhi yangu," Mama Paskalia akasema, mkono kiunoni. "Mwenzangu, mimi mpangaji hapandi mti kwangu. Hilo nililisema siku ya kwanza. Leo mkuyu, baada ya miaka kumi unakuja kuniambia hapa ni kwako na shahidi unaye, ana majani."

"Mimi nitadai ardhi yako, dada?"

"Wewe hutadai. Watadai wanaokuja nyuma yako. Sasa ukate, ama uondoke nao. Wala si ugomvi, chapati zako mimi nazipenda."

Aliyemwokoa ni Eunice, huyo huyo wa dawa ya biashara. Ndivyo walivyo watu wa nyumba moja, anayekusema ndiye anayekuelekeza. "Kuna mzee barabara ya kutokea mjini, Pantaleo, ana kitalu cha miche," akasema. "Anafuga miti isiyokua. Ya Wajapani. Nimeiona kwa macho yangu, mti mzima mkubwa kama kuku."

Mzee Pantaleo alikuwa ametunza bustani kwenye kambi ya mgodi mmoja mkubwa upande wa Kahama hadi mgodi ulipofungwa, na kule mpima ardhi mmoja wa kigeni alimfundisha kulea miti kwenye sahani. Huyo mgeni alikwenda zake. Pantaleo alibaki na mkasi, maringo, na miti kumi na mmoja iliyopangwa kwenye benchi mbele ya kitalu, ambayo watu walisimama kuipiga picha na hawakuinunua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeniletea mgonjwa?"

"Sikumleta. Amekwama ardhini."

Akaja mwenyewe na panga. Akaukata ule mzizi chini ya kitako cha ndoo kwa pigo moja, Sesilia akafumba macho. Kisha mzee akauzunguka mti kama dalali anayezunguka ng'ombe mnadani, anauangalia kutoka chini, anauangalia kwa jicho moja.

"Huu unafaa bonsai," akasema. Wapangaji walikuwa wameshajaa uani, maana burudani haiji kila siku. "Watu wanadhani tunaunyima chakula. Uongo! Mti unakula kama kawaida. Sisi tunaukata juu, tunaukata chini, unabaki katikati. Utazeeka, mama, utakuwa na shina kama la mti wa miaka hamsini, lakini hautavuka goti lako."

"Na hautashika ardhi ya mtu?" Mama Paskalia akauliza.

"Utashika sahani tu."

"Basi mimi sina neno."

Malipo yakawa chapati nne kila Jumamosi, na Pantaleo hakukosa Jumamosi hata moja. Siku ya kwanza alikikata kile kilele kilichokuwa kimepanda juu ya kiuno. Utomvu mweupe ukatoka, ukateremka shinani pole pole, na Sesilia akauzuia kwa kidole kabla mzee hajapaka majivu.

"Uache utoke kidogo. Mkuyu una maziwa mengi."

"Hauumii?"

"Mimi sijawahi kuwa mti, mama. Nishikie hapa."

Akaleta waya wa shaba, ule unaotolewa kwenye mota zilizoungua za karasha, zile mashine za kusaga mawe, akauzungusha kwenye tawi la pembeni ambalo sasa ndilo lingekuwa kilele. "Unauzungusha hivi, usikaze, usilegeze. Halafu unakunja kwa vidole gumba viwili. Ukisikia unalalamika, acha hapo hapo. Kesho hautalalamika, unaongeza. Unataka uelekee wapi?"

Sesilia hakuwaza hata kidogo. "Uiname. Upande huu. Kama mtu anayechungulia chini."

"Wengi wanapenda uliosimama."

"Mimi nataka ulioinama."

Pantaleo akamtazama, akaona si mtu wa kubishana, akaukunja.

Miezi ile ya kiangazi Sesilia alijifunza. Alijua kung'oa chipukizi kwa kucha kabla halijawa tawi, kuacha majani mawili na kuondoa la tatu, kulegeza waya kabla haujauma gome. Akifanya kazi hiyo jioni, uani wanapika, redio inapiga, Masudi anasimulia uongo wa machimboni, alikuwa anaweza kukaa robo saa nzima bila kusikia ile sauti ya upole inayomwambia usichimbe. Mti ulipungua, ukanenepa shina, ukainama vizuri. Hata Eunice aliacha kusema ni dawa. Siku moja alileta wageni wake kuutazama, akawaeleza kila kitu kama ni wa kwake.

Mwezi wa kumi mvua za kwanza zikanyesha, na Pantaleo akaja na sahani pana ya udongo wa kufinyanga, kimo vidole vinne, imetobolewa chini. Akaja pia na uma wa kulia chakula na mfuko wa kokoto za tofali na mkaa.

"Leo tunamvua nguo," akasema. Akaipasua ile ndoo kwa panga. Mti ukabaki umekaa juu ya bonge la udongo mwekundu lenye umbo la ndoo. "Udongo huu wote unatoka."

"Wote?"

"Wote. Tazama, umeshikana kama saruji. Maji hayapiti. Huu mzizi umeshaoza, na huu. Ukiuacha hivi hadi Pasaka umekufa."

"Toa nusu, baba."

"Nusu haipo. Sahani yenyewe hii hapa, nusu utaiweka wapi? Kichwani?" Pantaleo akacheka, akaona mwenzake hacheki. "Mama, ni udongo tu. Wa wapi huu unaokuuma hivi?"

Pale ndipo palikuwa pa kusema. Uani walikuwa wawili tu na Eunice anayechambua mchele mbele ya mlango wake, na Sesilia alimwona Eunice ameacha kuchambua.

"Wa nyumbani," akasema. "Toa. Lakini hata chembe usitupe. Mwagia humu."

Akaleta karai, lile la chuma analokandia unga wa biashara, maana chombo kingine kikubwa hakuwa nacho. Mzee akachambua mizizi kwa uma kama anayesuka nywele, kwa uvumilivu ambao mdomo wake haukuwa nao, na udongo wa Nyarugusu ukaanguka karaini kidogo kidogo mpaka ukajaa. Akakata mizizi minene, akaacha ile myembamba, akaukalisha mti kwenye sahani, akaufunga kwa waya uliopita kwenye matundu, akajaza kokoto zake. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri kweli, mti mzee mdogo umeinama ukingoni mwa sahani.

"Sasa nisikilize. Wiki sita usiuguse. Mizizi mipya ni kama nywele za mtoto, ukiutikisa tu imekatika, na safari hii haina pengine pa kutokea."

Sesilia akaufunika mti kwa chandarua cha zamani. Akaweka karai kando ya mlango na gunia juu yake. Kisha akamsindikiza mgeni, kwa sababu mgeni aliyekufanyia kazi huwezi kumwachia mlango aondoke peke yake kama mdai. Walitembea wakiongea hadi barabarani. Alipoagana naye akapitia sokoni kutafuta chungu chenye mfuniko. Alikuwa ameshafikiria yote: udongo ukae chunguni, chungu kikae chini ya kitanda, na akihama ahame nacho. Alichagua sana. Alichokipata kilikuwa cheusi, kinene, hakina ufa, na alikibeba kifuani kama aliyetoka hospitali na mtoto.

Aliporudi, gunia lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kizingiti. Karai halikuwepo.

"Eunice. Karai langu?"

"Kakusaidia Masudi!" Eunice akasema kwa furaha, ungo mapajani. "Alikuwa anapeleka mchanga wake mwaloni kuuosha, akaliona. Akasema, huyu mama kumbe naye ana mzigo na anaona haya kutuomba. Nimemnyanyulia mimi mwenyewe kwenye baiskeli. Zito!"

Na nani wa kuwalaumu? Kwenye nyumba ile, karai la udongo mwekundu mlangoni kwa mtu lina maana moja tu, leo na kesho: mzigo unasubiri kuoshwa, upelekwe kwenye maji, dhahabu ibaki na udongo uende. Masudi amewahi kuwaoshea wapangaji watatu. Angepita lile karai bila kulichukua, angeitwa mchoyo.

Sesilia alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mnene, chungu bado kiko kifuani. Watoto wa njiani wakasimama kumtazama. Mwalo uko nyuma ya mji, kwenye bonde, na kabla hajafika alimwona Masudi anakuja anakokota baiskeli, karai limefungwa nyuma. Lilikuwa safi. Lilikuwa linang'aa.

"Mama'ngu!" Masudi akapaza sauti. "Mbona umekuja mbio, nani kakwambia? Nilitaka nikushtukize. Una bahati wewe!" Akachomoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, akaifungua kiganjani. Ndani kulikuwa na punje ya njano, si kubwa kuliko chembe ya chumvi. "Nimeikamata kwa zebaki yangu mwenyewe, sikudai hata shilingi. Udongo wa wapi ule? Tukaulete mwingine!"

"Udongo uko wapi, Masudi?"

"Si ndiyo nauliza, umeutoa wapi?"

"Ule uliouosha. Uko wapi?"

Masudi akaduwaa. "Umekwenda na maji, mama. Udongo ukioshwa unakwenda wapi?"

Sesilia akampita. Chini ya mbao za kuoshea kulikuwa na dimbwi la matope ya kijivu, pana kama uwanja wa kanisa, udongo wa watu thelathini, wa asubuhi ile, wa juzi, wa mwaka jana, umekuwa kitu kimoja. Watu walikuwa wanaendelea kumwaga. Akachuchumaa ukingoni. Akachota tope kwa kiganja, akalitazama, akaliacha lidondoke, akachota pengine.

Masudi akaja akasimama nyuma yake. Alikuwa kijana wa Kigoma, mwenye mzaha, na mzaha ulikuwa umemwishia.

"Mama. Nimekosa nini?"

"Alikuwa Enock," Sesilia akasema. Ilikuwa mara ya kwanza analisema jambo hilo kwa mtu tangu ahamie. Akaeleza yote pale pale, bila kugeuka: duara, siku tatu, gogo, ndoo. Alieleza kwa kifupi, kama anayeagiza kitu dukani.

Masudi akachuchumaa naye. Mwenyewe alikuwa anashuka mashimoni kila wiki, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Ungeniambia, mama," akasema. "Miaka yote minne. Ungeniambia tu."

"Ningekwambia nini? Na Eunice angesema nini?"

Masudi alijua Eunice angesema nini.

Kabla ya magharibi nyumba nzima ilijua. Masudi alieleza kwa sababu asingeweza kukaa nalo peke yake. Mama Paskalia akaja chumba cha tano, akaketi kitandani, akalia kwa sauti, akauliza kwa nini amefanywa mgeni kwenye msiba wa mpangaji wake. Punje ikawekwa dirishani ndani ya karatasi yake. Sesilia hakuitaka, Masudi hakutaka hata kuiona. Siku ya nne karatasi ilikuwepo, punje haikuwepo, na katika nyumba ambayo huulizana hadi nani kamaliza chumvi, hakuna aliyeuliza. Eunice alihama Ijumaa hiyo. Alisema chumba kina siafu.

Jumamosi Pantaleo akaja kwa ajili ya chapati zake, akakuta jiko halijawashwa. Akasimuliwa.

"Sikuutoa wote," akasema.

Sesilia akainua kichwa.

"Mimi chini ya shina sikwanguagi. Pale mizizi inapogawanyika naacha ngumi moja ya udongo wake wa zamani, mti usishtuke. Sikukwambia, ulikuwa unaniangalia kama mwizi. Upo, mama. Katikati kabisa."

"Kweli, baba?"

"Kweli. Umo humo humo. Uache utulie tu, usichimbe."

Alisema kwa upole. Hakujua kwamba maneno hayo yalikwisha kusemwa Nyarugusu. Akaondoka, na Sesilia akabaki anaitazama sahani.

Alijizuia siku nane. Alikwenda sokoni, alikaanga, alirudisha chenji. Akirudi anafunua chandarua, anaangalia majani, yamesimama vizuri, mawili mapya yalikuwa yamefungua mdomo. Alijiambia mzee ni mkweli. Halafu alijiambia mzee ni mwema, na mtu mwema anaweza kukudanganya ili ulale. Walikuwa wema pia wale waliomshika viganja. Miaka minne amekuwa akiambiwa yumo, na hajawahi kuona.

Jumapili baada ya misa uani hapakuwa na mtu. Akaleta kisu cha jikoni, kile kile. Akakata waya uliofunga mti kwenye sahani, akatia vidole kwenye kokoto, akainua.

Pantaleo hakuwa amedanganya. Chini ya shina, kati ya mizizi mitatu minene, palikuwa na ngumi moja ya udongo mwekundu, mkavu kidogo, wa Nyarugusu. Na pembeni yake pote palikuwa na mizizi mipya, myeupe, myembamba kama nywele za mtoto, na yote ilikuwa imekatika ikabaki kwenye kokoto.

Aliuona na alijua amefanya nini. Hata hivyo aliubandua ule udongo kwa ncha ya kisu, wote safari hii, akautia chunguni, akafunika. Ndipo akalia. Masudi aliyekuwa anarudi kutoka dukani alimkuta chini, mti umelala kwenye mapaja yake, akaenda kumwita Mama Paskalia, na Mama Paskalia akaleta mkeka. Hadi saa kumi wanawake wa nyumba ile na wa nyumba za jirani walikuwa wameketi uani miguu wameinyosha, mtu amepika chai, mtu ameleta mihogo, wanaume wako nje kwenye benchi. Msiba wa Enock ulikaliwa Kharumwa mchana mmoja, miaka minne baadaye, na Sesilia alisimulia alivyokuwa akipenda ukoko wa wali na alivyokuwa mvivu wa kuamka, wakacheka, wakalia tena.

Jioni alipomwomba Mama Paskalia akizike kile chungu kwenye kona ya ua, karibu na ukuta wa bafu, Mama Paskalia alimshika mkono.

"Mwenzangu, niombe chochote. Niombe hata kodi ya miezi mitatu. Lakini kaburi linashika ardhi kuliko mti."

Sesilia akasema ameelewa. Chungu kikaingia chini ya kitanda.

Pantaleo aliurudisha mti kwenye sahani, akaumwagia, akaufunika, hakumsema hata neno moja. Wiki ya pili majani yakawa njano. Wiki ya tatu Sesilia alikuwa anayaokota asubuhi kabla hajawasha jiko, anayaweka mfukoni mwa aproni. Mwezi wa kumi na mbili mzee alikuja kuchukua waya wake, kwa sababu waya wa shaba hauokotwi, na kwenye benchi alikuwa na mti mwingine unaousubiri. Aliufungua taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, kutoka ncha hadi shinani, Sesilia akiwa amemshikia sahani.

Waya ulipotoka wote, tawi lilibaki pale pale walipoliinamisha.

"Nikuchukulie nikautupe?" Pantaleo akauliza.

"Uache, baba."

Akamfungia chapati nne kwenye gazeti, akamsindikiza hadi barabarani.